Mayai Sita ya Mzee Tarcisio

Yai la tano ndilo lililovunjika. Ilikuwa juzi Alhamisi, saa tisa alasiri, kando ya Ziwa la Chini, kilomita arobaini na moja toka stesheni. Baiskeli iliruka kidogo tu, kidogo kabisa, yai likapasuka na ute ukachuruzika mpaka kwenye gurudumu. Mzee Tarcisio alikuwa amekaa kwenye benchi pale pale, anangoja. Akainuka, akaliangalia, akacheka kwanza.

"Haya, limesema," akasema.

Nikamwambia ni breki, mzee, nimeshika breki kwa nguvu, njia haina kosa.

"Yai halina habari na breki zako. Lete sululu."

Tukafukua. Lami ilikuwa mpya, ina siku tano tu, mtu mwingine angelia. Chini yake tukakuta mzizi tuliousahau, mnene kama kidole gumba, umelala pale kimya unasubiri kunenepa. Mzee akaupapasa, akauambia, "Shikamoo. Ulijificha vizuri." Hakuukata. Akautandazia kokoto, akapandisha njia juu yake taratibu. Jana mchana tukamwaga lami upya.

Huyo ndiye Tarcisio Pallaoro tunayemuaga leo, Jumamosi, tarehe 26 Aprili, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutunza njia ya baiskeli ya bonde letu. Bi Loredana, mkuu wa ofisi, kaniambia niandike mimi kwa sababu ndiye ninayeshinda naye kutwa. Kusema mbele za watu siwezi, kwa hiyo naandika.

Mzee alikuja kwa kazi ya kiangazi kimoja. Alitoka kwenye machimbo ya mawe, mgongo unamuuma, wakampa ufagio, toroli na ufunguo wa geti. Njia ilikuwa kilomita tisa tu wakati huo, inaanzia stesheni inaishia kwenye mashamba ya matufaha, haijafika hata Ziwa la Juu. Leo ni kilomita arobaini na nne, maziwa yote mawili yamo, na gari halijakanyaga hata siku moja. Si gari la meya, si gari la padri. Ule ufunguo anauvaa shingoni mpaka leo, na mkewe, Mama Onorina, anasema alilala nao hata siku walipooana.

Tukisema harusi, kuna hii hapa. Miaka kumi na saba iliyopita gari la bibi harusi lilikuja mpaka kwenye geti. Limepambwa maua, honi zinapigwa, kanisa liko ng'ambo ya ziwa na barabara kuu imejaa malori. Dereva akasema, "Baba, fungua, kilomita mbili tu, bi harusi anachelewa!" Mzee akasema gari halipiti. Bibi harusi akashuka, mkali kama pilipili.

"Wewe mzee una roho gani? Leo ni siku yangu!"

"Ni siku yako, mwanangu, ndiyo maana sitaki ufike kanisani umekunja uso. Kamata hii."

Akampa baiskeli yake mwenyewe, ile nyekundu. Bibi harusi akaisonya, akaiangalia, halafu akakusanya gauni akalifunga kiunoni kwa mkanda wa mzee, akapanda. Wapambe wakamkimbilia nyuma wamevua viatu. Wajerumani waliokuwa wanapita na baiskeli zao wakageuza wote wakamsindikiza, wanapiga kengele njia nzima. Alifika kabla ya padri. Mkanda ule hajaurudisha mpaka leo, na bibi harusi huyo ndiye Bi Loredana mwenyewe, bosi wetu. Muulizeni.

Mambo ya mzee ni mengi. Machi vyura wakishuka msituni kwenda ziwani, anasimama katikati ya njia na ufagio anawazuia watu mpaka wavuke. Kuna vijana wa mashindano, wale wa nguo za kubana, mmoja akamfokea, "We babu, tuna haraka!" Mzee akamjibu, "Na yeye ana haraka. Tena ana mke anamsubiri majini, wewe unasubiriwa na nani?" Wenzake walicheka mpaka mmoja akadondoka na baiskeli. Pampu ya upepo kaifunga kwenye mti wa kilomita ya ishirini na mbili, kila mtu anaitumia, haijaibiwa, kwa sababu kaiandikia kwa rangi: NAKUONA. Lugha za wageni hajui hata moja, lakini pancha anawazibia, anawapa na tufaha, wanaondoka wanampungia mkono kama ndugu.

Sasa mayai. Wapya ofisini wanadhani ni utani. Mwaka wake wa pili kazini Mama Onorina alimtuma apeleke mayai hotelini, mayai sita, akayabeba kwa baiskeli kwenye njia hiyo hiyo anayoifagia kila siku na kuisifia. Akafika na mayai matatu. Mama akamwambia maneno ambayo hayaandikiki kwenye karatasi ya ofisi, lakini la mwisho lilikuwa hili: "Kama yai halipiti, mtoto mchanga kwenye kitrela cha nyuma ya baiskeli anapitaje?" Mzee hakulala, hilo neno likamkaa. Akachonga kibao chenye matundu sita, akakifunga juu ya gurudumu la mbele. Tangu hapo kila mwaka, kabla hatujafungua njia, mayai sita ya kuku wa Onorina yanapita njia nzima, mwendo wa mama mwenye mtoto nyuma. Hayafungwi kitambaa wala hayawekewi majani. Likivunjika, pale linapovunjikia pamejipaka rangi penyewe, tunafukua. Yaliyopona yanakaangwa siku ya ufunguzi, tunakula na polenta, ugali wetu wa mahindi.

Na kuna sheria moja juu ya mayai, ya kwake mwenyewe: mganga hajigangi. Aliyetengeneza hapimi. Mwaka wote sisi tunatengeneza, yeye ndiye anayepanda na mayai, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumbembeleza aivunje sheria hiyo akakubali.

Mwaka huu mambo yakageuka. Februari ile miti mirefu ya kando ya Ziwa la Chini ilikuwa imeinua lami kilomita mbili nzima, njia imekuwa kama mgongo wa samaki. Ikaja barua toka juu: waendesha baiskeli wote wahamishiwe barabara kuu kwa viangazi viwili, mpaka ipatikane dawa. Barabara ile ile ya malori ya mawe. Watoto, vitrela, bibi na wajukuu, wote waje wasukumwe na upepo wa malori.

Nilikuwepo Bi Loredana alipomsomea. Mzee akawa anazungusha ufunguo shingoni.

"Wakate miti basi, ndo wanalotaka kusikia?" Bi Loredana akasema.

"Miti haikatwi. Kwenye kivuli kile watu wanakula chakula cha mchana. Tutaipandisha njia juu ya mizizi."

"Mzee, umebakiza wiki saba. Si ustaafu tu kwa amani?"

"Nastaafu tarehe ishirini na sita. Leo tarehe tano Machi. Nipe mpaka siku hiyo."

Bi Loredana akaandika karatasi mbili. Moja inafungua njia yote, moja inawapeleka watu barabarani. Akasema mbele yetu, mayai yakipita kilomita zote arobaini na nne, natia sahihi ya kwanza. Yasipopita, mzee, natia ya pili na usininunie. Mzee akasema, "Nitakununia, lakini tia."

Wiki saba hizo sijawahi kuona. Mtu wa miaka sitini na saba, asubuhi anafika kabla ya wauza kahawa, amepiga magoti anapapasa mizizi kwa vidole kama anatafuta mshipa. Huu mnene, upandie juu. Huu mwembamba, uzungukie. Tukichoka anatutania: "Nyinyi vijana mnakaa kama mmezeeka, mimi mzee nimekataa." Mvua ikinyesha anafurahi, eti inamuonyesha maji yanakosimama. Mama Onorina akileta chakula anamkuta amelala chali chini ya mti, jicho moja limefumbwa, anapima njia kwa macho. "Nimeolewa na panya fuko," anasema mama. Mzee anacheka na mdomo umejaa jibini.

Na kwa kuwa safari hii ametengeneza yeye, hawezi kupima yeye. Ndiyo maana Alhamisi nilipanda mimi. Kilomita arobaini zilipita, mayai sita salama, na kwenye ya arobaini na moja yakatokea mliyoyasoma. Pale kwenye benchi hapakuwa na mtu mwingine. Yai lingine lilikuwepo, Mama Onorina alikuwa amenipa la akiba, lisije likavunjika moja kabla sijaanza. Nililitoa mfukoni, nikalishika juu ya lile tundu tupu la kibao. Mzee akaliangalia, akaniangalia. Akalichukua, akaligonga kwenye benchi, akalinywa bichi.

"Sasa hatuna la akiba," akasema. "Nenda kamwambie Loredana limevunjika."

Nikaenda nikamwambia. Bi Loredana akafunika kalamu yake, akasema basi, arobaini zimepita, hizo nne zilizobaki mara moja nyingine, Jumamosi, na ndiyo ya mwisho.

Mzee Tarcisio, asante. Kwa kilomita arobaini na nne. Kwa vyura, kwa pampu, kwa geti lililokataa honi. Asante kwa kutufundisha kwamba njia nzuri ni ile ambayo mtu akipita hakumbuki kitu isipokuwa ziwa. Wewe na Mama Onorina mpate miaka mingi ya kupanda baiskeli kwenda popote bila kubeba ufagio. Ukiona jani njiani, liache. Najua huwezi, lakini jaribu.

Naishia hapa. Ni saa tatu kasorobo na Mama Onorina amesimama mlangoni, kikapu mkononi, anasema mayai ni ya asubuhi hii, bado ya moto. Zimebaki kilomita zile mbili tu, na mbili za kumalizia mpaka kibanda cha kahawa, na mimi ndiye wa kupanda. Mnaposoma hii mtakuwa mmekaa pale kibandani, Bi Loredana ana karatasi zake mbili mezani, na mzee, namjua, amewapa mgongo anaangalia ziwa ili asiangalie njia. Mtu amguse bega. Amwambie kijana anakuja, na safari hii hashiki breki.