Damu ya Shemeji

GEUMSIL: Haloo? Nani mwenzangu? Sema haraka, nimeshika mwiko.

TAEUK: Shikamoo, dada. Mimi Taeuk.

GEUMSIL: Marahaba, mnyonya damu. Leo umekumbuka kwamba Miryang kuna simu?

TAEUK: Una wateja?

GEUMSIL: Mchana huu, supu ya nguruwe inachemka, unauliza wateja. Kuna nini huko Daejeon? Maabara imeungua?

TAEUK: Hapana. Dada, ile damu niliyowatoa sikukuu ya mavuno—

GEUMSIL: Nitaisahauje? Watu wanatoka kuwainamia wazee makaburini, wewe unatusubiri na sindano. Mama hajameza hata keki yake ya mchele, ushamfunga mpira mkononi. Wenzako huja na zawadi, wewe unaondoka na damu yetu kwenye boksi la barafu.

TAEUK: Tulihitaji damu ya watu wasioumwa, tuilinganishe na ya wagonjwa wa saratani. Nilikueleza. Seli hutoa vifuko vidogo sana, vinaelea kwenye damu, ndani vimebeba RNA, yaani ujumbe wa—

GEUMSIL: Umbea.

TAEUK: Ujumbe, dada. Hata seli ya saratani hutuma wake, mapema, uvimbe ukiwa bado mdogo. Sisi tunausoma.

GEUMSIL: Ndiyo huo umbea. Umekesha na vitabu mpaka nywele zimekuisha, kumbe unasomea kusikiliza seli zinasengenya nini. Ungekaa nami hapa sokoni wiki moja ungefuzu.

TAEUK: [anapekua karatasi]

GEUMSIL: Haloo? Mtandao huu nao—

TAEUK: Nipo. Shemeji Dalsu hajambo? Anakula?

GEUMSIL: Anakula hata cha wateja. Kakaa pale anatoa amri. Kwa nini?

TAEUK: Na wewe?

GEUMSIL: Mimi nimepungua kidogo, sketi za ujana zinanienea. Mgongo tu ndio unasumbua. Mbona unanihoji kama polisi?

TAEUK: Damu ya wote nyumbani ni safi. Ila mrija wenye damu ya shemeji umetoka kama wa wagonjwa. Saratani ya kongosho.

GEUMSIL: Mrija wa Dalsu?

TAEUK: Na wako. Ndiyo maana bosi alinicheka. Mume na mke kwa mpigo mmoja? Akasema mashine imechafuka. Nilifurahi, dada, sikufichi. Tukaisafisha, nikarudia. Imetoka vilevile. Sasa nataka kumuuliza shemeji—

GEUMSIL: [anacheka] Usimuulize.

TAEUK: Unacheka nini?

GEUMSIL: Shemeji yako, yule anayetusimulia kila sikukuu alivyolala msituni na bunduki jeshini, alipoiona sindano alijifungia chooni. Ningemwaibisha mbele ya mama? Ulipotoka nje kupokea simu, nikamwambia yule muuguzi uliyekuja naye anitoe damu na mkono wa pili, aandike Dalsu.

TAEUK: Dada.

GEUMSIL: Halafu Dalsu akala sahani nzima ya nyama, eti anarudisha damu. Nikanyamaza.

TAEUK: Yaani mirija yote miwili—

GEUMSIL: Wa kulia na wa kushoto. Mwambie bosi wako aiombe radhi mashine.

TAEUK: [anapenga kamasi]

GEUMSIL: Unalia? Usinililie, nitamwaga supu.

TAEUK: Miaka yote naomba kipimo hiki kiwe cha kweli. Wiki hii nzima nimeomba kiwe cha uongo.

GEUMSIL: Na mimi miaka yote nawaambia watu hapa mdogo wangu hana kazi. [anavuta pumzi] Kumbe unayo.

TAEUK: Peke yake hakitoshi. Lazima upigwe picha, daktari athibitishe. Na kama ni kweli, huenda tumewahi, huenda wakaukata uvimbe ukaisha. Panda treni leo.

GEUMSIL: Leo? Na supu?

TAEUK: Dada, nakuomba.

GEUMSIL: Naogopa, Taeuk.

TAEUK: Nitakuwa stesheni. Sitatoka hapo mpaka ushuke.

GEUMSIL: Haya. Dalsu, njoo ushike mwiko... Anauliza naenda wapi.

TAEUK: Mwambie ukwe— dada, unakatika—

GEUMSIL: Nitamwambia wewe ndiye unayeumwa. Akijua ni mimi atajifungia tena chooni, na mkono wa tatu sina. Kata simu, nivue aproni.