Nyumba ya Uingereza na Maziwa ya Lanet

Saa saba na dakika ishirini mchana, siku ya Jumanne, nilikuwa nikiwakatia ng'ombe majani nyumbani Lanet simu yangu ilipolia. Aliyepiga alikuwa karani wa mawakili huko Uingereza. Aliongea kwa upole kabisa. Alisema nisipolipa deni langu lote mwezi huo, kampuni yenye jengo itaenda mahakamani kuomba nyumba yangu irudi mikononi mwao.

Wanachama wapya wa chama chetu hiki cha akiba na mikopo hamjui habari hii, kwa hivyo nirudi nyuma kidogo. Nilifanya kazi ya kutunza wazee Uingereza kwa miaka kumi na sita. Nikanunua nyumba ndogo, chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya chini katika jengo refu. Mkopo wa benki niliumaliza kabla ya kurejea nyumbani. Mpangaji alipohama, sikutafuta mwingine. Nilijiambia: nyumba imeshalipiwa, haili, hainywi, ikae tu. Na sitawaficha, nilipenda kusikia watu wakisema, "Yule ana nyumba Ulaya."

Ndugu zangu, nawaambia, nyumba ya kule inakula hata ikiwa tupu. Kule ukinunua nyumba ya ghorofa, ardhi na jengo hubaki mali ya kampuni, na kila mwaka unailipa kodi ya kiwanja, pamoja na sehemu yako ya kufagia ngazi na kuziba paa. Kuna bima. Baraza la mji nalo lina kodi yake, na yangu waliiongeza maradufu kwa sababu haikuwa na mtu ndani. Barua zilifika kwenye simu. Nilizisoma, nikazielewa, kisha nikafanya kama tunavyofanya sisi na kodi ya ardhi ya kaunti. Mnajua mtindo wetu. Hulipi. Unangoja. Siku moja kaunti inatangaza msamaha wa riba, wote tunakimbilia foleni. Basi nami nikakaa miaka miwili nikingoja Uingereza itangaze msamaha.

Chekeni tu. Mke wangu hakucheka, kwa sababu ile nyumba ndiyo ilikuwa jasho langu lote la ujana.

Baada ya simu ile ya mawakili nilikuja hapa chamani kuomba mkopo. Mwekahazina wetu wa wakati ule, mama mwenye biashara ya mbao Elburgon, alinikumbusha kwamba hapa hakuna mkopo kabla wanachama hawajautembelea mradi.

"Uko wapi tuutembelee?" akauliza.

"Uko Uingereza, mama."

"Sheria haijasema isipokuwa Uingereza."

Mzee mmoja mkulima wa viazi kutoka Kuresoi akadakia, "Mimi suti ninayo. Tiketi tu ndiyo sina."

Tukakubaliana tutembelee kwa simu. Jirani yangu wa kule, muuguzi mstaafu niliyemwachia ufunguo, alikubali kutuzungusha. Jumamosi kamati ilijaa sebuleni kwangu, mke wangu akapika chai, tukaunganisha simu na televisheni. Yule mama wa kizungu akaingia chumba kwa chumba. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa mweusi kwa ukungu. Nilitamani picha ikatike. Kisha akatoka nje, akapita mbele ya lifti.

"Hiyo lifti, umeme wake analipa nani?" akauliza mzee wa viazi.

"Wenye nyumba wote tunagawana."

"Na wewe uko ghorofa ya ngapi?"

"Ya chini."

Akaweka kikombe mezani. "Boss, yaani unalipia watu wapande juu, na wewe mwenyewe uko Lanet?"

Sebule ililipuka kwa kicheko. Hata jirani yangu, bila kuelewa neno, alicheka kule kwenye skrini.

Mwekahazina alingoja wanyamaze. "Kwa mwaka nyumba hii inakula pesa ngapi, yote kwa jumla?"

Jumla sikuijua. Mimi ninayepima chakula cha kila ng'ombe kwa kilo! Kila gharama niliijua peke yake, lakini sikuwahi kuziweka pamoja, na sasa naona niliogopa. Nilizijumlisha pale pale mbele yao. Mke wangu akasoma jumla, akairudia.

"Baba watoto," akasema polepole, "haya ni maziwa ya ng'ombe wetu wote. Mwaka mzima."

Hapo ndipo nilipogeuka. Kamati ilinikopesha nilipe deni ili nyumba isichukuliwe, kwa sharti moja: niiuze, nisiendelee kuilisha. Nililipa. Jirani akasimamia mafundi wakapaka ukuta, na baada ya miezi saba mnunuzi akapatikana. Mkopo wenu nimeurudisha. Kilichobaki kimenunua mitamba, na kingine ni hisa zangu humu. Nalala vizuri.

Namshukuru mwekahazina aliyekataa kunionea haya, mzee wa viazi kwa swali lake, jirani yangu kwa miguu yake, na mke wangu kwa kusoma mara mbili. Wenye watoto nje, waambieni wanapotaka kununua nyumba huko wasiulize bei peke yake. Waulize itadai nini kila mwaka, hata siku ambayo hakuna anayelala ndani. Na wakishindwa kulipa, waseme mapema. Wazungu wale hukubali kulipwa kidogo kidogo ukiongea nao.

Mwaka huu sikutuma chochote kule. Nilichookoa ni shilingi laki tisa na elfu sitini na tisa.