Mang Selmo, Kocha wa Mechi 167 Tulizofungwa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minane katika kiwanda chetu cha Siki ya Pugad hapa Valenzuela, Bwana Anselmo Dimaano, ambaye sisi kwa heshima tunamwita Mang Selmo, anastaafu. Aliingia kama muosha chupa na anatoka akiwa msimamizi wa idara ya lebo. Kwa misimu ishirini na miwili alikuwa pia meneja na kocha wa timu yetu ya mpira wa kikapu katika Ligi ya Viwanda. Huko aliiongoza timu kushinda mechi thelathini na moja na kufungwa mia moja sitini na saba.

Kamati ya wafanyakazi iliniomba nitaje mafanikio yake uwanjani. Nimelifungua kabati la vikombe. Lina kikombe kimoja, cha Timu Yenye Nidhamu, nacho tulikipata kwa sababu wachezaji wetu hawakuwahi kumfikia mtu kwa wakati wa kumfanyia faulo.

Kwenye lebo hana utani. Lebo ikikaa upande kidogo, chupa inarudi, na aliyeibandika anarudi nayo. Amepita kwenye mafuriko mawili ambayo maji yalifika kiunoni, na mara zote mbili alikutwa juu ya meza amekumbatia bunda la lebo, anauliza nani amesaini zamu.

Kwenye kikapu ni mtu mwingine. Alichora mbinu zake nyuma ya lebo mbovu, mishale mingi mpaka mchezaji mmoja akauliza kama ile ni ramani ya mabomba. Taulo shingoni, miwani kwenye uzi, filimbi ambayo haruhusiwi kuipuliza. Na wachezaji sasa. Ligi inaruhusu majina kumi na tano, na kila mwaka kumi na tano ya Mang Selmo yalikuwa msiba. Efren wa boila, ambaye bila miwani hajui kikapu kiko upande gani. Dodong wa foklifti, ambaye akiruka anafika pale wengine wanapoanzia. Wenzetu wa viwanda vingine walileta vijana warefu walioajiriwa Septemba kama "makarani wa stoo" na kuachishwa Januari bila kuiona stoo yenyewe.

Bosi Tiongco aliumia sana. Timu ya Magodoro ya Himbing ni ya shemeji yake, na kila Jumapili wanakula meza moja. "Selmo, kwa nini unaniletea watu wafupi?" alimuuliza mbele yetu sote. Mang Selmo alimjibu kwa heshima: "Bosi, wafupi hawagongi vichwa kwenye milango ya stoo."

Kwa miaka mingi na sisi tulimcheka. Mimi nilikuwa sijaajiriwa bado na nilimcheka kwa habari tu.

Niliajiriwa tarehe 13 Juni mwaka jana, idara ya kufungasha, mkataba wa miezi mitano. Wote wanaofungasha wanaujua huo mkataba. Mtu akimaliza miezi sita, sheria inamfanya mwajiriwa wa kudumu, kwa hiyo kampuni inakushukuru katika mwezi wa tano na kukuomba ujaribu tena mwakani. Mimi nilikuwa na mimba. Kuondoka Novemba maana yake ningejifungua Januari sina kazi, na hakuna kiwanda kinachoajiri mwanamke mwenye tumbo la miezi saba.

Agosti Mang Selmo alisimama kwenye mstari wetu.

"Mimba ya miezi mingapi hiyo?"

"Minne, Mang Selmo."

"Unajua kutabasamu?"

"Nikipata sababu."

"Basi wewe ndiye mrembo wa timu mwaka huu."

Dada Precy aliacha kufunga katoni. "Mang Selmo, timu zingine mrembo wao anabeba bango. Wetu amebeba mpira kabisa."

Siku ya maandamano ya kufungua ligi nilipita nyuma ya bendi na ukanda wa kijani, chupa ya siki imechorwa juu ya tumbo. Warembo wengine tisa walikuwa na viuno. Niliona haya, nikamwambia Mang Selmo. Aliniletea kiti cha plastiki na kijitabu cha kanuni za ligi. "Kaa usome ya tisa, mwanangu."

Kanuni ya tisa inasema jina likishaingia kwenye orodha, la mchezaji au la mrembo wa timu, mwenye jina lazima awe kazini mpaka siku timu inapotoka. Akiondolewa mmoja, timu yote inafutwa. Hatua ya makundi ya ligi yetu huisha katikati ya Desemba. Nilihesabu kwa vidole. Kisha nikamtazama Efren na miwani yake, na Dodong, walioanza kwa mkataba kama wangu, nikaelewa kwa nini tunafungwa.

Msimu huo nusura hesabu igome. Diwani aliutaka uwanja kwa sherehe yake ya Krismasi, ratiba ikawahishwa wiki nzima. Mechi yetu ya mwisho, dhidi ya Himbing, ikawa Jumapili tarehe 7 Desemba. Miezi yangu sita ilikuwa inatimia Jumamosi tarehe 13. Tukifungwa tunatoka, na barua yangu ya kuachishwa ilikuwa imeshachapwa.

Tulifungwa kwa pointi arobaini na moja. Efren alifunga vizuri sana, kwenye kikapu chetu.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Mang Selmo alikwenda mezani kwa waamuzi na karatasi. Alikata rufaa kwamba mrembo wa Himbing hakuwa kwenye kiti chake kipindi cha pili kilipoanza, kinyume cha kanuni ya kumi na nne, kwa kuwa alikuwa anajinunulia ndizi za kukaanga. Meneja wa Himbing alidhani ni mzaha.

"Selmo, mmefungwa arobaini na moja."

"Nimeona. Ubao wenyewe ni mkubwa."

"Sasa unataka nini?"

"Mhuri."

Alipigiwa mhuri. Rufaa ikipokelewa, matokeo yanasimamishwa mpaka kamati ikae, na kamati hukaa Jumapili inayofuata.

Jumatatu asubuhi Wakili Cabrales wa ofisi ya ajira alishuka na barua yangu. Mang Selmo alimwonyesha ile karatasi: timu haijatoka. Wakili akampigia bosi simu, akamweleza kwamba dawa ni kuifuta rufaa. Tulikuwa tumesimama hapo, tukamsikia bosi akiuliza kama kuna uwezekano wa kushinda. Mbele ya shemeji hafuti kitu. Kwa wiki moja, mara ya kwanza katika misimu ishirini na miwili, Bosi Tiongco alikuwa na matumaini.

Tarehe 14 kamati iliitupa rufaa kwa dakika nne, kura tano kwa sifuri. Mang Selmo alikunja karatasi yake, akapeana mikono na kila mtu, akaniuliza kama nimekula.

Binti yangu ana miezi mitano. Nilipata likizo yangu ya uzazi yote na nikarudi kwenye mstari uleule. Nimepita idarani nikiuliza nani mwingine aliwahi kuwa kwenye orodha, na humu ukumbini watakaosimama ni kumi na tisa. Ofisi imetangaza kwamba kuanzia msimu ujao orodha itaandikwa na Wakili Cabrales, ili timu iwe bora. Hatuna shaka itakuwa bora. Wasichana wanane walioajiriwa mwezi huu wanafungasha, na mikataba yao inaisha Novemba. Kijitabu cha kanuni, Mang Selmo, umeniachia mimi, na nimeshawagawia nakala.

Asante kwa kila mechi. Nenda nyumbani San Miguel, ulale mpaka jua likuchome, na majirani wasikuombe kufundisha timu yoyote. Sisi wote tunakuombea uzee mtulivu na magoti mazima.

Niliambiwa maneno haya ni bora yatoke bila jina la mwandishi. Nimeyafikiria, nikaona hakuna haja.

Lorivic Sumalinog
Idara ya Kufungasha
Mwajiriwa wa kudumu