Mchicha wa Benedikta Umekufa Tena

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa nyumba ya zamani, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Nyumba yenyewe ni ya bati, ina uwa nyuma, imebaki chini peke yake, na maghorofa yamepanda kila upande. Kuna benchi moja, kuna jiko la mkaa la Zulekha na birika lake la kahawa, na kuna maneno kuanzia asubuhi. Bushiri tunamwita Injinia, kwa sababu anauza koki na mabomba na hajawahi kukubali kwamba kuna kitu duniani asichojua kukijenga. Filbert anaitwa Daktari. Anauza sumu ya panya na mende kwa kipaza sauti. Pantaleo, anayeishi humo ndani, ni Mzee Gia, ameendesha malori ya Songea mpaka mgongo ukamkatalia. Mimi nina cherehani yangu hapo barazani, nashona mabegi na kusikiliza nisiyoyataka.

Siku hiyo Mzee Gia alitoka ndani ameshika mche mmoja wa mchicha kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake. Akauweka juu ya benchi, katikati yetu.

— Umekufa, alisema. Wote. Tena.

Hakuna aliyeuliza nini kimekufa. Tulishajua. Mkewe, Benedikta, ni mtu wa Mbinga, amelima tangu utotoni. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, na tangu hapo anakaa uwani kwenye kiti cha plastiki anatazama ukuta wa jirani. Ndipo Mzee Gia akaokota mbao za mapaleti, Injinia akamjengea boksi kubwa, akaliinua kwa miguu mpaka likafika usawa wa mtu aliyekaa, alime bila kuinama. Siku lilipojazwa udongo nilikuwepo. Shemeji Benedikta aliuzamisha mkono wake mzima humo ndani, akauacha hapo muda mrefu. Mzee Gia akajifanya anatafuta nyundo.

Tangu siku hiyo wamepanda mara tatu. Kila mara miche inatoka vizuri, inageuka njano, shingo zinalainika, inalala. Basi.

— Na safari hii amesemaje? Zulekha aliuliza huku anammiminia.

— Amesema nimpigie simu mdogo wake aje amchukue. Anataka kurudi Mbinga. Kasema hapa hata mchicha umekataa kukaa, yeye akae kwa nini.

Daktari akauinua ule mche, akaunusa.

— Hao ni panya, alisema.

— Panya gani wanaacha majani yote? aliuliza Mzee Gia.

— Panya wa Kariakoo hawali mchicha, wana vitu vyao vya kula. Hawa wanakojoa. Mkojo wa panya, mzee wangu, ni tindikali tupu.

— Juzi uliniambia ni mende.

— Wameshirikiana.

Injinia aliweka kikombe chini, akajifuta midomo. Tulijua kinachokuja.

— Achana na huyu muuza sumu, kila kitu kwake panya. Mzee, ule udongo mliutoa wapi?

— Si mliniletea wenyewe kutoka Kigamboni?

— Ulivuka na pantoni?

— Sasa ungevuka na nini, Injinia? Ungeogelea?

— Hapo hapo! Hapo ndipo tulipokosea. Udongo wa ng'ambo umezoea upepo wa bahari. Ukiuvusha Magogoni, ukauleta huku kwenye moshi na honi, unashtuka. Hata mtu akihamia mji mgeni si anaharisha siku za mwanzo?

— Kwa hiyo udongo unaharisha? niliuliza. Nilishindwa kuvumilia.

— Wewe shona. Sijasema unaharisha. Nimesema umeshtuka.

Mzee Gia alivuta pumzi ndefu. Ni mtu mpole, lakini siku hiyo mshipa wa paji la uso ulikuwa umesimama.

— Injinia, mara ya kwanza uliniambia mbegu zimepitwa na wakati. Nikatafuta mpya. Mara ya pili ukasema kuta za maghorofa zinatema joto, nimwagilie asubuhi na jioni. Nikamwagilia. Huyu Daktari akasema na mchana pia. Nikamwagilia na mchana.

— Ulimwagilia ya kutosha lakini? Daktari aliuliza.

— Nimemwagilia mpaka muuza maji akiniona anacheka!

— Basi ni mnara, alisema Injinia, bila hata kupepesa macho. Ule wa simu, juu ya ghorofa la kona. Watu mtaa mzima wanaangalia video. Zile video zinapita wapi? Zinapita juu ya mchicha. Mche mchanga utavumilia vipi?

— Wewe nawe, Daktari alidakia. Mnara umekuja jana? Mimi nitasema ukweli ambao nyie mnaogopa kuusema. Kuna jicho. Yule mpangaji wa chumba cha nyuma, kila asubuhi anasimama mlangoni anayakodolea macho yale majani.

— Yule mzee haoni, alisema Mzee Gia. Ana mtoto wa jicho.

— Ndiyo maana anakodoa!

Zulekha alilipiga birika chini mpaka kashata zikaruka kwenye sahani.

— Hivi nyie mna akili kweli? Mwanamke anataka kufunga mizigo, nyie mnaongea mkojo wa panya na video! Mzee wa watu amekaa hapa anawasikiliza tangu mvua za mwanzo. Kuna hata mmoja amenyanyuka akaenda kuangalia?

— Mimi nimelijenga lile boksi, Injinia alisema, ameudhika. Niende kuangalia nini?

— Zulekha, waache, alisema Mzee Gia, sauti imeshuka. Mke wangu hajagombana na mimi. Amechoka kukaa bure tu. Mnajua kutwa nzima anafanya nini? Anautazama ule ukuta. Jana kaniambia, Pantaleo, lile tofali la safu ya pili fundi amelilaza ubavu. Nikamwangalia. Mtu aliyekuwa analima shamba mpaka jua linazama, sasa ananisimulia tofali.

Kipaza sauti cha Daktari kilikuwa kinaendelea chenyewe pale mezani kwake, panya, mende, kunguni, panya, mende, kunguni, na hicho ndicho kilichomvusha barabara Hinal, binti wa duka la vitambaa lililo mkabala nasi.

— Shikamooni.

— Marahaba, Hinal, hujambo?

— Sijambo. Kaka Filbert, nakuomba, punguza hiyo sauti. Mteja ananitajia mita za kitenge, mimi nasikia kunguni.

Daktari akapunguza, ananung'unika. Hinal alikuwa anageuka kuondoka macho yake yakaangukia pale benchini.

— Huu si mchicha? Mbona umeoza?

Lilikuwa kosa kuuliza. Wote wawili walimwanzia kwa pamoja. Injinia alimpa pantoni na mnara, Daktari akampa panya na jicho, mmoja anavuta mkono huu na mwingine ule. Mzee Gia alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri adhana iishe aendelee na usingizi. Hinal aliwasikiliza mpaka mwisho, ametulia, ana tepu yake ya kupimia shingoni.

— Maji yanatokea wapi? aliuliza.

— Bombani, alisema Injinia.

— Bomba likikatika ananunua ya madumu, aliongeza Daktari.

— Siulizi yanakotoka. Mkishayamwaga mle kwenye boksi, yanatokea wapi?

Daktari alimtazama Injinia. Mimi niliondoa mguu kwenye cherehani. Injinia akacheka, kile kicheko chake cha mtu aliyeulizwa swali jepesi.

— Hayatokei, dada'ngu. Ile kazi nimeifanya kwa mikono yangu. Mle ndani nimetandika nailoni nzito, mara mbili, pembeni kote nimeziba kwa gundi ya mabomba. Tone halipiti! Unaweza ukajaza maji ukayaacha mpaka…

Akaishia hapo. Nilimwona anayasikia mwenyewe aliyoyasema, moja baada ya jingine.

— Aa, sawa, alisema Hinal. Mama anapanda kotmiri kwenye ndoo kibarazani, ndiyo maana nikauliza tu.

Akavuka zake kumrudia mteja.

Mzee Gia alisimama polepole. Hakutukana. Bora angetukana.

— Nipe nyundo, alisema. Na msumari mrefu kuliko yote uliyonayo.

Injinia alimpa. Akataka kumfuata, akaonyeshwa kidole: hapo hapo. Basi tukabaki benchini, masikio yote uwani. Tulisikia pigo. Likaja la pili. La tatu lilifuatiwa na maji, kwanza kama mtu anakojoa, halafu kama ndoo imepinduka, na harufu ikatufikia, harufu ya matope yaliyolala siku nyingi. Zulekha alifunika kashata zake kwa kanga.

Ndipo tukamsikia Benedikta. Tangu augue huwa anaongea taratibu, maneno anayavuta, mara nyingi inabidi umsogelee. Siku hiyo tulimsikia mpaka barabarani.

— Pantaleo! Unaniogesha!

Kisha:

— Toboa na huku. Siyo hapo, huku! Na huku!

Nyundo ilipigwa sana. Mzee Gia alipotoka alikuwa amelowa suruali mpaka magotini, ana udongo mweusi kidevuni. Akamrudishia Injinia nyundo yake.

— Mzee, mimi nilikuwa nalinda mbao zisioze, Injinia alisema, hamtazami usoni.

— Mbao zimepona.

Zulekha alimsogezea kikombe.

— Na simu ya Mbinga?

Mzee Gia alijipangusa kidevu kwa kiganja, akazidi kujipaka.

— Nimemuuliza. Nimemwambia, nipige sasa au jioni? Kasema nisimchanganye, anapekua udongo, anatafuta uliooza autoe.

— Haya, kaa unywe basi.

— Sikai. Nimetumwa mbegu. Mchicha na figiri, na kasema nikikuta majani ya maboga niulizie na mbegu zake.

Injinia akanyanyuka mbio mbio, anatafuta ndala kwa miguu.

— Ngoja twende wote mzee, kuna duka nalijua kule sokoni, wana mbegu ambazo…

— Wewe, alisema Mzee Gia, kaa chini.

Injinia akakaa. Mzee Gia akaelekea sokoni, viatu vyake vinatoa maji kila anapokanyaga.