Fundi Mwanga na Mlango wa Pikapu

Kabla ya yote, nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Likizo iliyopita, siku nilizoaga nyumbani kwamba naenda maktaba, nilikuwa juu katika chumba cha mashine cha ukumbi huu wa sinema, nikitazama filamu ile ile mara sita. Aliyeniruhusu ni Fundi Mwanga, ambaye tarehe thelathini mwezi huu anastaafu, baada ya miaka thelathini na minane ya kutuonyesha filamu.

Alianza kwa kufagia chumba hicho. Siku hizo filamu ilikuja katika mikanda sita, na mashine zilikuwa mbili, zikipokezana. Kidoa cha kuashiria kwamba mkanda unakwisha kikitokea kwenye pembe ya pazia, fundi alikuwa na sekunde chache tu za kuwasha mashine ya pili. Waliokaa chini hawakujua kitu. Kazi yake ndivyo ilivyo: akiipatia, hakuna anayemkumbuka. Mashine za kisasa zilipokuja alikuwa na miaka hamsini na tano. Alizijua kwa wiki mbili, akawafundisha na wenzake. Shangazi yangu, mkata tiketi, husema Fundi anaisikia mashine ikipiga chafya kabla haijapata mafua.

Filamu niliyoitazama ni ya safari. Kaka na dada wanampelekea mama yao mdogo cherehani kwa pikapu kuukuu. Wanagombana, mlango unang'oka, wanapatana. Inachekesha, inapendeza, na ukifika nyumbani umeshaisahau. Inatajwa kwa sababu moja tu: dada yule aliigizwa na binti ambaye leo ni nyota, na hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza.

Siku ya kwanza ilipoonyeshwa hapa, binti alikaa safu ya tatu na mama yake. Fundi akakosea, akaweka mkanda wa tano kabla ya wa nne. Ghafla pikapu haina mlango, na ndugu wanasameheana ugomvi ambao haujatokea. Ukumbi ukaangua kicheko. Kupitia kidirisha chake, Fundi akamwona binti amejiinamia, akidhani anachekwa yeye.

Angeweza kunyamaza. Badala yake alizima mashine, akawasha taa, akashuka ngazi, akasimama mbele ya watu mia nne.

"Samahanini. Filamu haina kosa, na huyu binti hana kosa. Nimekosea mimi."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Basi Fundi, turudishie mlango wetu!"

Binti akainua kichwa, akacheka pamoja nao. Dakika kumi na moja baadaye filamu iliendelea, na hakuna aliyekuwa ameondoka. Kila nikiwaza alivyoshuka zile ngazi, mwili unanisisimka.

Meneja wa ukumbi aliposoma habari hii, niliyoiandika kwa kijitabu cha sherehe ya kumuaga Fundi, aliniambia, "Mwanangu, hii ni sherehe. Hilo kosa lifute." Fundi naye akasema, "Ukilifuta, utakuwa umemwandika mtu mwingine."

Fundi, asante kwa miaka yote uliyokaa nyuma yetu. Tunakuombea afya njema, siku ndefu za kupumzika, na kiti cha katikati ya ukumbi, filamu ikiendeshwa na mwingine.

Habari yangu iliishia hapo. Jumatatu baada ya shule nilikwenda ofisini kwa meneja, nikamsomea habari ya ule mkanda nikiwa nimesimama. Akatia sahihi ya kuruhusu ichapwe. Nikaipeleka karatasi kwa mpiga chapa, bila kufuta neno.