Cheche na Chupa ya Rafuni

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Agosti 1981, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa mkata tiketi, mama yake mshonaji. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa, midomo ikamjaa malengelenge, akagoma kula hadi mama alipomnywesha maziwa baridi kwa kijiko cha dawa. Alipona, na nyumba nzima ikasahau. Virusi havikusahau.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, na mwaka 1999 alimaliza sekondari kwa alama ambazo baba yake aliziita "za kutosha kutuaibisha." Lakini mikono yake ilikuwa na akili. Alikwenda chuo cha ufundi, akatoka na cheti cha kuchomelea vyuma pamoja na jina lililomganda maisha yake yote. Siku ya mtihani wa mwisho aliunguza suruali ya msahihishaji, na bado akapasi. Tangu hapo hakuna aliyemwita kitu kingine ila Cheche.

Mwaka 2002 alianza kazi katika karakana ya kaka yake mkubwa. Mageti mengi mnayoyapita mkienda kazini ni mkono wake. Mwezi Desemba 2008 alimwoa mwalimu wa chekechea, ambaye leo ni mjane wake. Kitanda cha harusi alikiunda mwenyewe, kikubwa kuliko mlango. Alikikata vipande akaja kukiunga ndani ya chumba, huku bibi harusi amekaa juu ya ndoo anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Sasa ukinikimbia utakiacha," alimwambia mkewe. Kitanda hakijawahi kutoka chumba kile. Mungu aliwajalia mabinti wawili.

Wakubwa wa familia walitaka hapa isomwe kwamba marehemu "aliugua kwa muda mfupi." Muda mfupi gani? Aliugua miaka kumi na moja, na ugonjwa una njia yake, nayo itasemwa.

Kila fundi wa kuchomelea anajua usiku ule ambao macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga, kwa sababu mchana mwanga ulimpiga kabla hajashusha ngao ya uso. Katika karakana ya kaka kulikuwa na chupa rafuni, juu ya boksi la fito za kuchomelea. Matone ya pamoja. Mtu akiamka na jicho jekundu, anadondosha mawili, mchana jicho jeupe, kazi inaendelea. Hakuna aliyesoma karatasi yake. Mwaka 2013 Cheche aliamka na jicho la kushoto jekundu, linalotoa machozi, lisilotaka jua. Wenzake wakamwambia amepigwa na mwanga. Akadondosha. Likapoa! Baada ya miezi michache likarudi, akadondosha tena. Kila liliporudi lilirudi na ukungu zaidi, naye akazidi kuisifu dawa.

Alipofika kwa daktari wa macho, mwaka 2016, kovu lilikuwa limeshakaa katikati ya kioo cha mbele cha jicho. Dada yake, anayesoma wasifu huu, ndiye aliyemsindikiza. Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliwaeleza taratibu. Virusi vile vya malengelenge ya utotoni haviondoki mwilini. Vinalala kwenye mshipa wa fahamu wa uso, na kinga ya mwili ndiyo inayovilinda visiamke. Mtu akipata homa, akichoka sana, akipigwa na mwanga mkali, ulinzi unalegea na virusi vinashuka jichoni.

"Na kovu limeletwa na virusi?" Cheche aliuliza.

"Sehemu tu. Sehemu kubwa imeletwa na kinga yako yenyewe. Fikiria askari wanaomkamata mwizi ndani ya duka la vioo. Mwizi wanampata, lakini vioo navyo vinavunjika."

"Na yale matone ya kazini?"

Daktari aliigeuza mkononi ile chupa, ambayo Cheche alikuja nayo, akanuna. "Haya yanawafunga askari mikono. Mimi nitakupa ya aina hii pia, lakini pamoja na dawa ya kuvizuia virusi, na nitakuangalia kila wiki. Ukiyatumia peke yake, wekundu unaondoka kwa sababu hakuna tena anayepigana. Mwizi amebaki na duka."

 Walipofika nyumbani Cheche alisema, "Yaani nilikuwa namlipia mwizi ulinzi."

Kesho yake alimwomba kaka aitupe ile chupa. Kaka alisema imesaidia watu kumi, asitishwe na jicho la mtu mmoja. Waligombana. Kila chupa ilipokwisha, ilinunuliwa nyingine.

Mwaka 2019 aliwekewa kioo cha jicho kilichotoka kwa mtu aliyefariki. Aliona miezi saba. Aliwaona mabinti zake vizuri, akamtania mkubwa kwamba kumbe ana sura ya bibi yake. Kisha askari wale wale, walioshindwa kumtoa mwizi bila kuvunja vioo, wakamvamia mgeni aliyekuja kusaidia. Mwili ulikikataa kioo. Jicho la kushoto likazima. Inauma kuliandika hili, na aliyeandika amelia.

Daktari alimkataza kupanda ngazi. Tarehe 21 Mei 2024 kaka alipungukiwa na mafundi kwenye paa la ghala, akamwambia ni kazi ya nusu saa tu. Cheche alipanda, akakanyaga upande wa kushoto ambako hakukuwa na kitu. Hospitalini aliomba jambo moja mbele ya mkewe na dada yake.

"Kaka, ile chupa. Nakuomba."

"Nimeshaitupa, mdogo wangu. Wewe pona tu."

Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Juni 2024, akiamini hivyo.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mama mzazi, kaka mmoja, dada mmoja na mafundi sita, ambao ndio waliobeba jeneza lake leo.

Yanayofuata hayamo katika karatasi mlizoshika. Asubuhi hii dada wa marehemu alikwenda karakana kuchukua ngao yake ya uso iwekwe pamoja naye. Rafuni, juu ya boksi la fito, aliikuta chupa. Mpya, imeshafunguliwa. Na kati ya wale mafundi sita, mmoja amesimama hapa na jicho moja jekundu, na mtu halii kwa jicho moja. Fundi, ukitoka makaburini nenda kwa daktari, nauli yako ipo kwa mjane. Chupa iko ndani ya mkoba huu. Kaka, ukiihitaji, njoo uiombe sasa hivi, mbele ya mama.

Hakuna anayekuja.

Fumba macho, Cheche, upumzike. Sasa hayaumi tena.