Marehemu wa Mpaka Chai

Zimeni hiyo redio, wanangu, na wewe Soka toa mguu wako kwenye kitanda changu, kwa maana sijafa bado na kitanda kina mwenyewe. Pasca, niinue kidogo, niwekee mto mgongoni, si huo unaonuka samaki wa gulio. Sasa ketini wote wawili upande mmoja, niwaone bila kugeuza shingo, kwani tangu mvua hizi zianze mmekuwa mkikaa mmoja kulia na mmoja kushoto kama magoli ya mpira, na mpira ni mimi. Nataka kusema habari ya ukumbi. Nikisema nimesema, msije kesho mkaniinamia kaburini mkiuliza, Mama, ulikuwa na maana gani.

Jambo lenyewe mnalijua. Kaunsili ya mji imetoa amri: ukumbi wetu wa dansi, Mpaka Chai, umekaa bure tangu siku tulipokimbia, barabara ile sasa ni ya maduka, na asiyejenga kabla ya mvua hizi kwisha atanyang'anywa ploti apewe mwenye uwezo. Na mwenye uwezo ni nani? Ni Haji Nasuru, jirani yetu wa hoteli, ambaye ndiye huyo huyo anayekaa kwenye kamati iliyotoa amri. Fisi amekabidhiwa bucha, na kisu ameshanoa. Kontrakta wa Soka akaja na mafundi, mafundi wakaja na sururu, wakaingia ndani wakifanya kelele za watu wanaolipwa kwa siku, wakaliona kaburi lililo mbele ya jukwaa, wakatoka kimya, sururu wakaziacha mlangoni kama watu wanaovua viatu msikitini. Fundi mkubwa akaniambia kwa adabu, "Mama, sisi tunajenga nyumba. Hatubomoi nyumba ya mutu." Tangu siku hiyo hakuna hata tofali moja lililoshuka pale.

Kaburi lile tulilichimba sisi wenyewe. Hilo si siri humu chumbani, Soka ulibeba mawe ukiwa na ndevu tatu, na Pasca ulishika taa ukilia kwa sababu umeambiwa usilie. Lakini sababu yake sidhani mnaikumbuka, maana mtoto hukumbuka jasho tu. Ulikuwa mwaka wa themanini, wanajeshi wa serikali mpya walikuwa wanakuja na hasira waliyowawekea wale wa zamani, waliokuwa vijana wa kwetu, na Arua nzima ilikuwa imejipanga barabara ya Vurra kuvuka kwenda Congo, na magodoro vichwani. Baba yenu Onzima hakuwaogopa wenye bunduki. Aliwaogopa wenye misumari. Alisema, Kiden mke wangu, bunduki itapita, lakini bati likishang'olewa halirudi. Watu wataiba mlango, wataiba fremu, wataiba hata kivuli cha ukuta, ila hakuna Mlugbara wala Mkakwa atakayelala au kuiba katika nyumba yenye kaburi la mtu asiyemjua. Basi tukavunja simenti, tukachimba, tukarudisha udongo ule ule, tukaupandisha kilima, tukaupangia mawe.

Halafu tukabishana juu ya dini ya marehemu. Mimi nilitaka msalaba. Baba yenu akasema, na wakija askari Waislamu? Tukalielekeza kaburi kibla, tukausimamisha na msalaba, tukamwachia Mungu achague. Likabaki jina. Jina la aliye hai huliandiki, utakuwa umemwita. Jina la aliyekufa kweli huliandiki, atakuja kuuliza nani alimhamisha. Baba yenu akachovya brashi kwenye rangi tuliyokuwa tunaandikia bei ya mlangoni, akaandika ANGUYO, kwa kuwa, alisema, kina Anguyo ni wengi kama panzi na hakuna atakayejua huyu ni yupi. Mungu amrehemu, hapo ndipo akili ya mume wangu ilipofika mwisho wa lami. Hakufikiri kwamba jina la watu wengi ni jina lenye jamaa wengi.

Maji, Pasca. Kidogo. Inatosha.

Kule Congo Wacongo walitusalimia malamu, yaani hali njema, tukajibu malamu, na matumbo yalikuwa matupu pande zote mbili. Baba yenu alibaki kule Aru, chini ya udongo wa watu, na mimi nikarudi na nyinyi mwaka wa themanini na sita nikiwa mjane mwenye ufunguo mmoja. Barabara yetu nzima haikuwa na bati la kumfunikia kuku. Nyumba zilikuwa zimesimama vichwa wazi kama watu kwenye mazishi. Mpaka Chai peke yake ilikuwa na mabati yote, na milango, na hata kioo cha baa. Waliobaki mjini walituhadithia kwamba askari waliingia mara moja tu, mkubwa wao akauliza, "Hii kaburi iko ya nani?" na alipokosa wa kumjibu akatoka nje na kuwapeleka vijana wake hoteli ya jirani. Huko walimlia Nasuru mbuzi, wakamlia kuku, wakamalizia na milango, waliyoifanya kuni. Basi msishangae kwamba mtu huyu anatuchukia. Chuki yake ina mifupa ndani. Tulijikinga mvua kwa mwavuli, na maji yote ya mwavuli yakamwagikia yeye.

Lakini kumbe mabati si kitu. Nilipousukuma mlango, ambao kufuli yake askari walikuwa wameivunja, nilikuta kaburi limefagiliwa, mawe yamepakwa chokaa, kibuyu cha pombe ya kwete kimewekwa kichwani, na mwanamke mwembamba wa Omugo amepiga magoti. Ndiye Ayikoru. Mume wake Anguyo alikuja Arua kununua chumvi wiki ile ile ya kukimbia na hakuonekana tena, wala yeye wala chumvi, hadi mtu mmoja gulioni alipomwambia Ayikoru kwamba jina la mumewe liko ndani ya ukumbi wa dansi. Alinikumbatia. Alisema awa'difo, asante, mama, mmemzika mume wangu ndani ya nyumba, chini ya bati, na wenzake waliliwa na mbwa njiani. Wanangu, mlitaka niseme nini? Nilisema, karibu chai.

Tangu siku hiyo kila mavuno ya mtama anakuja na kuku mmoja, tunamla kuku, anafagia, analia kidogo, anarudi Omugo. Na wewe Soka ulipokuwa na haraka ya kujenga ulisema, Mama, tuwaambie watu ukweli, kaburi ni tupu, tuchimbe. Ulisema hata mbele ya kontrakta, na pumzi yako ilikuwa waragi mtupu, ndiyo maana hakukuamini. Nilikukataza, ukaninunia mwezi mzima. Nilikukataza kwa sababu ukitangaza hivyo, mji utacheka, Nasuru atasema tumemficha maiti ili tupate kujenga, fundi hataigusa sururu, na Ayikoru atafiwa mara ya pili. Na safari hiyo waliomwua Anguyo tutakuwa sisi.

Nasuru naye hakulala. Ni yeye aliyeanza kusema kwamba Anguyo anaonekana. Kwanza alisema amesikia mtu akikohoa ndani. Watu walipoitikia, akaongeza: marehemu anagonga ukuta wa hoteli akiagiza chai na halipi, marehemu anaomba apigiwe rumba ya Congo, marehemu amemwambia yeye Nasuru kwa kinywa chake kwamba hapendi maduka. Nani atapanga duka la vitenge juu ya mtu kama huyo? Pasca, wateja wako wenyewe wa Vurra walikuuliza kama kitambaa kikikaa pale kitachuja rangi. Niliona tumekwisha. Niliona ploti inaondoka mbele ya macho yangu, na mimi ninaondoka pamoja nayo.

Sasa sikilizeni ambalo hamlijui. Juzi Ayikoru alipokuja kuniangalia na nikawafukuza nyinyi chumbani, nilitaka kumwambia. Nilianza mbali, kama mtu anayemkaribia ng'ombe mkali, nikasema, Ayikoru dada yangu, kuna habari ya lile kaburi. Akanikata. Akasema, "Mama Soka, Anguyo wangu alikuwa anainama kwenye kila mlango wa Omugo. Lile kaburi lenu mlimpimia nani, mtoto wa shule?" Nikamwuliza alijua tangu lini. Akasema tangu siku ya kwanza, kabla hajapiga magoti. Mbona ulilia, nikamwuliza, mbona ulinishukuru? Akasema, "Nilishukuru kwa sababu nilipata pa kulilia. Miaka ile yote nilikuwa ninalia huku ninatembea."

Ndipo tukacheka, wanangu. Tulicheka hadi Pasca ukaingia mbio na rozari ukidhani ndiyo safari yangu, na nikakufukuza tena. Yeye ana kaburi lisilo na mtu, mimi nina mtu ambaye kaburi lake liko ng'ambo ya mpaka, na muda wote tulikuwa tunadanganyana kwa heshima juu ya kuku. Kisha akapangusa macho akauliza, kama fundi anayeuliza kazi, "Kaunsili inataka lini?"

Basi wosia wangu ni huu, na kila mmoja afunge mdomo wake hadi nimalize. Ayikoru atakuja na wanawe kumchukua Anguyo kwenda Omugo, kwa kuwa wanawe wamejenga na wanataka baba yao awe nyumbani. Atachukua udongo wa kaburi, kapu moja, ndani ya shuka nyeupe. Asiyepatikana hurudi kwao kwa udongo, na hakuna fundi wa Arua asiyejua hivyo. Pasca, shuka ni mpya, si ile ya kwako yenye maua. Ukumbi mtaufungua mchana, mtapiga ngoma, watu wacheze wamsindikize kama mkubwa anavyosindikizwa, na mafundi waalikwe wote waone kwa macho yao. Na kapu litabebwa na Nasuru.

Usicheke, Soka, sikiliza. Mtamwendea nyinyi wawili, mtamwamkia, mtamwambia, Haji, mji mzima unajua kwamba wewe ndiye peke yako uliyeongea na marehemu. Sisi hakutusemesha hata siku moja. Tafadhali tusaidie kumtoa, wewe anakusikia. Akikataa, amesema mwenyewe kwamba alikuwa anatunga. Akikubali, amemtoa Anguyo kwa mikono yake mbele ya watu wote, na kuanzia saa hiyo hawezi tena kusikia kikohozi, maana tutamwuliza, kwani ulimwangusha njiani? Akisema dini yake hairuhusu, mwambieni kaburi linaelekea kibla, baba yenu alipima. Lakini msimwendee kwa kejeli. Mwombeni radhi kwanza kwa mbuzi wake na milango yake, na mseme mimi ndiye nimewatuma. Mimi nilimcheka miaka mingi nikiona milango yake mipya. Siku ya ngoma mguu wa mbuzi ni wake, wote, pamoja na figo.

Kisha jengeni. Chini mbele ni maduka, na hayo ni ya Pasca. Juu ni vyumba vya wageni, na hivyo ni vya Soka, na ngazi iwe ya pamoja ili mkitaka kununiana mkutane kila asubuhi. Jukwaa bomoeni. Nasikia mmoja wenu anasema tuliache kwa ajili ya Mama. Kwa ajili gani? Mimi pale juu niliuza tiketi, nilifukuza walevi, nilitengana na baba yenu mara mbili na kurudiana mara tatu. Niliyoyafanya nimeyafanya, na kumbukumbu haizuii mvua. Jina langu pia msiliandike ukutani. Tumeona jina moja tu lilivyoleta watu.

Baba yenu mwacheni Aru. Nendeni mkamfagilie, lakini msimhamishe, ameshazoea Kifaransa. Mimi nipelekeni Koboko, kwa baba yangu, kaka zangu wamekwisha kunionyesha mahali, na ni pazuri ingawa ni karibu sana na shangazi.

Na nikifa kabla ya ngoma... subiri, Pasca, nipumue... nikifa kabla, msinizike mimi kwanza. Mkinitanguliza mimi mtakula mbuzi wote, mtachoka, mtalala, mvua zitakwisha na kaunsili itakuja. Mtoeni Anguyo kwanza. Mimi nitangoja sebuleni. Sina haraka.

Nipeni mikono. Si hivyo, weka wako juu ya wa dada yako, hautakuunguza. Ngun, Mungu wa baba zangu, awape... awape nyumba isiyovuja, na mlango ambao mgeni hagongi mara mbili. Awape kusemana na kunyamaza kila kimoja kwa wakati wake. Niliyowakosea... mnayajua, sitayataja, pumzi haitoshi. Nimewaradhia. Wote. Hata mwezi ule wa kununa.

Sasa nendeni kwa Nasuru. Leo, nikiwa bado... nataka mrudi mnielezee uso wake. Nendeni wote wawili. Mmoja akifika peke yake, atajua hampatani. Soka, tafuta kofia yako, mwanangu. Mtu haendi kichwa wazi kumwomba mwingine abebe maiti.